Mbio za baiskeli milimani: uende na mwenzako au ujitose peke yako?

Kijana wa mjini ana maswali mawili anayoulizwa mpaka yanamkera. La kwanza, utaoa au utaolewa lini? La pili linatuhusu sisi wachache tuliozimia baiskeli: hizo mbio zenu za kutwa kucha, unaingia peke yako au na mwenzako? Msicheke, wasomaji wangu. Maswali hayo ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanamhusu mtu utakayekuwa naye siku ambayo umeishiwa nguvu, una njaa, umechafuka na hutaki kusemeshwa.

La kwanza mimi bado nalikwepa. La pili limenibana. Nataka kushiriki Race Around Rwanda, mbio zilizoanza mwaka 2020. Ni mzunguko wa kilomita kama 1,000 katika ile nchi ya vilima elfu, lami kidogo, changarawe kidogo, udongo kidogo, na hakuna gari la timu linalokufuata na chupa za maji. Chakula unanunua njiani kama raia wengine, pancha unaziba mwenyewe, usingizi unaupata pale utakapoupata. Na mapema kabisa lazima useme: unakuja mmoja au mnakuja wawili?

Nyumbani Dar, kikao cha familia kilitoa hukumu kabla sijajitetea. Mama alisema mtoto wa kike hawezi kukesha kwenye milima ya watu peke yake. Nikapangiwa mlinzi: binamu yangu, mtoto wa mjomba, kijana wa Mamba kule Upare. Huyu bwana siku hizi anaendesha bodaboda, lakini miguu yake aliikomaza kwa baiskeli ya Phoenix tangu yuko shule ya msingi. Nikasema sawa, ila mtu wa kukaa naye kilomita 1,000 hachaguliwi kwenye kikao. Anajaribiwa. Nikaomba likizo ya wiki moja, nikaisukuma baiskeli yangu kwenye buti la basi, nikashuka Same.

UPARE SI MCHEZO

Kwa wasiopajua, Mamba iko Upare ya kusini, wilaya ya Same, juu kule milimani ukishaziacha Gonja na Ndungu chini. Ndiko inakotoka tangawizi nyingi mnayotia kwenye chai. Nyuma yake kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kuna barabara inayopanda kutoka Mwembe, inakatiza milimani mpaka Mamba Miamba, halafu inashuka hadi Ndungu, kilomita kama 90 hivi za kona, mawe na mafuso ya mizigo. Chini yake kuna barabara nyingine ya tambarare, kutoka Same kupitia Kisiwani na Gonja, inayoambaa na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi.

Kwa hiyo ukiunganisha barabara hizo mbili unapata kila kitu kwenye duara moja: upepo na joto chini, baridi na ukungu juu. Anayetaka kujua kama mtu anamfaa kwa mbio hana haja ya kumpeleka Rwanda. Ampeleke Upare siku tatu tu, majibu atayapata.

Na jina lenyewe linaruhusu! Zile baiskeli nyeusi nzito za chuma, zisizo na gia, watu wengi Afrika Mashariki wanaziita Black Mamba. Najua hazikupewa jina hilo kwa ajili ya kijiji chetu, lakini sifa ya bure nani anaikataa?

NJIA ZIKO TATU

Kabla sijawapeleka barabarani, tuwekane sawa. Kuna namna tatu za kuingia mbio ndefu za baiskeli za milimani.

Ya kwanza ni timu ya zamu. Sisi Wapare hii hatuhitaji kufundishwa, maana inafanana na ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu. Maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa, halafu kila mwenye shamba anapata kwa zamu yake. Mwaka 1992 Mmarekani Laird Knight alianzisha mbio za saa 24 huko Canaan, West Virginia, kwa mtindo wa namna hiyo. Timu ina watu wanne, mmoja anazunguka, watatu wanakula, wanalala na kukaza nati. Hii ndiyo inayomfaa mtu anayeanza. Ukichoka, zamu yako imekwisha, unakwenda kulala.

Lakini binadamu haachi vituko. Katika miaka hiyo ya 1990 Mmarekani mwingine, John Stamstad, alitaka kuzunguka saa zote 24 peke yake wakati mbio zinataka timu ya wanne. Akajiandikisha kwa majina manne, yote yakiwa jina lake mwenyewe alilolipindapinda. Majina manne, miguu miwili! Baadaye mbio za namna hiyo zikaweka kundi rasmi la wanaojitosa peke yao. Bwana huyo huyo mwaka 1999 alipita njia ya Great Divide, karibu kilomita 4,000 kutoka mpaka wa Kanada hadi mpaka wa Meksiko, peke yake, kwa siku 18 na saa 5.

Ya pili ni wawili bega kwa bega. Hapa mfano mkubwa barani kwetu ni Cape Epic ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2004. Ni siku nane, timu ya watu wawili, na sheria inasema msiachane zaidi ya dakika mbili. Mkiachana, adhabu inawahusu wote. Mwenzako akishindwa kabisa unaweza kuendelea, lakini matokeo ya timu yenu ndiyo yamekufa. Race Around Rwanda nayo ina nafasi ya wawili wawili, ingawa haina ukali wa saa mkononi kama ule wa Cape Epic.

Ya tatu ni peke yako. Kwenye mbio zisizo na msaada, kwa kawaida aliyejiandikisha peke yake haruhusiwi kujificha nyuma ya mshiriki mwingine kukwepa upepo, wala kuazima vifaa. Wawili walioandikishwa pamoja wanaruhusiwa kugawana kila kitu wao kwa wao. Pampu moja, taa ya akiba moja, chumba kimoja, bili nusu kwa nusu. Kwa sisi wa mshahara wa tarehe thelathini, hapo pana hesabu nzito.

UPEPO UNA URAFIKI, MLIMA HAUNA

Siku ya kwanza tulianza Same saa kumi na moja alfajiri, mimi na binamu, kuelekea Kisiwani. Upepo ulikuwa wa mbele. Hapo ndipo mwenzi ana faida isiyo na ubishi. Ukimfuata mtu kwa karibu, yeye anapasua upepo, wewe unateleza nyuma yake, na kwenye tambarare unaweza kuokoa robo ya nguvu zako. Tulipokezana kila baada ya dakika kumi. Kufika Gonja nilikuwa bado nina miguu mipya.

Faida nyingine ni macho. Kandokando ya Mkomazi kuna tembo, na tembo hawana habari na mipaka ya hifadhi. Macho manne ni bora kuliko mawili, hasa kabla jua halijatoka. Kipande kile usiku mimi siwezi kumshauri mtu yeyote akipite peke yake, awe mwanamume au mwanamke, awe na taa ya namna gani.

Halafu tukafika Ndungu tukaanza kupanda, na urafiki ukaishia pale. Mlimani mwendo ni mdogo, upepo hauna kazi, kwa hiyo kumfuata mtu kwa nyuma hakukusaidii kitu. Kila mtu anabeba kilo zake. Binamu alipaa. Nilimwona kwenye kona ya tatu, halafu sikumwona tena, halafu nikamkuta amekaa juu ya jiwe kakunja mikono kama mgambo. Nilipofika tu, akanyanyuka akaondoka. Yeye alikuwa ameshapumzika. Mimi ndiyo kwanza ningeanza!

Hilo ndilo kosa linaloua timu nyingi za wawili. Mwenye nguvu anasubiri, anapoa, misuli inakaza. Mnyonge hapumziki kabisa, kwa sababu anaona aibu kusema "ngoja". Mkifika jioni mmechoka wote wawili na hamsemezani. Dawa yake ni rahisi kutamka, ngumu kuifuata: mlimani mwenye mwendo mdogo atangulie, na mwenye nguvu abebe mizigo ya pamoja. Pampu, tyubu, funguo, chakula cha akiba, vyote kwake. Hapo mwendo unasogeleana bila maneno.

Jioni ile, juu ya sahani ya makande, nilimwambia binamu hivyo hivyo. Akanijibu, "Lakini dada, mimi nilitumwa nikulinde." Nikamuuliza, unamlindaje mtu uliyemwacha kona nane nyuma? Akanyamaza, mke wa mjomba akaangua kicheko.

JUMAMOSI HAIGUSWI

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, tukafanya matengenezo. Jua lilipozama baiskeli zikawekwa stoo. Nyumba ya mjomba ni ya Wasabato, na hapo mjue mko mahali penyewe, maana Uadventista hapa Tanzania ulianzia huku huku Mamba, Giti, mwaka 1903. Jumamosi hakuna mbio, hakuna kupaka mnyororo grisi.

Jambo hili dogo lina somo kubwa kwa wanaotafuta mwenzi. Cape Epic ni siku nane mfululizo. Hesabu utakavyohesabu, Jumamosi imo ndani. Mwenzako akiwa hapandi baiskeli siku hiyo, hata awe na mapafu ya farasi, mbio hizo hazitawafaa pamoja. Na kwa mwingine inaweza kuwa swala ya Ijumaa, mfungo, au mtoto mchanga nyumbani. Ulizaneni mapema, kabla hela haijatoka mfukoni. Mimi na binamu tulikubaliana kwamba mbio tutakazoingia lazima ziwe na ratiba inayotuwezesha kumaliza kabla ya Ijumaa jua kuzama. Kama haiwezekani, kila mtu ajue lake.

PEKE YANGU, NA SAA YANGU

Jumapili nilikwenda peke yangu, nikashuka Ndungu na kurudi juu. Niseme ukweli, ilikuwa bomba. Nilipanda kwa mwendo wangu, nikasimama nilipotaka, nikanunua ndizi kwa mama mmoja tukapiga soga. Hakuna aliyekuwa ananisubiri kakunja mikono. Aliye peke yake ana uhuru ambao walio wawili hawataupata hata wapendane vipi.

Ila uhuru huo una bei. Baada ya saa nyingi barabarani, kitu cha kwanza kuchoka ni akili, miguu inafuata. Mtu anaacha kula bila kujua kwamba ameacha. Anatetemeka kwenye ukungu na koti liko kwenye begi. Mwenzi angemwambia, "Wewe, vaa!" Aliye peke yake lazima ajitengenezee mwenzi wa bandia. Mimi nilitega simu ilie kila nusu saa: ikilia nakula, nitake nisitake. Ujumbe kwa mjomba kila nikifika kijiji. Na saa ya kugeuza, ambayo ikifika nageuza hata kama kilele nakiona kwa macho. Kipande cha tangawizi mfukoni kwa ajili ya kichefuchefu, maana huku ndiko kwao. Anayeona mambo hayo ni longolongo za watoto asijitose peke yake.

Na tusidanganyane kuhusu hatari. Agosti 2022 Mkenya Sule Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, alifariki baada ya kuanguka kwenye mbio za changarawe za Vermont Overland huko Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Alikuwa mzoefu, na hazikuwa mbio za porini usiku. Ajali haimuulizi mtu amejiandikisha vipi.

Lakini nikimfikiria Kangangi, naona pia jambo la pili. Mbio nyingi za changarawe wanazoshindana watu wa Amani ni za mtu mmoja mmoja, ikiwemo Migration Gravel Race ya Kenya iliyoanza mwaka 2021. Kila mmoja ana namba yake na matokeo yake. Hata hivyo timu ile imewakusanya Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wafanye mazoezi na kusafiri pamoja. Kuwa peke yako kwenye karatasi ya matokeo hakumaanishi kuwa peke yako duniani. Wengi wetu mjini tunachanganya mambo haya mawili. Tunafikiri anayejitosa peke yake hahitaji watu. Anawahitaji kuliko wote, ila kabla na baada ya mbio.

MANENO YA MJOMBA

Jumapili usiku nilimuuliza mjomba yeye angechagua nini. Mjomba hajawahi kushindana na mtu kwa baiskeli, lakini amepanda kilima kile na gunia nyuma kabla mimi sijazaliwa. Alinikumbusha msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima. Barabara ikibomoka, mfereji ukiziba, inapigwa mbiu, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. "Lakini mwanangu," akasema, "msaragambo ni kwa kazi isiyowezwa na mtu mmoja. Hujapata kuona watu wanaitwa msaragambo waje kumpalilia mtu tangawizi yake wakati yeye ni mzima. Jiulize hiyo safari yako ni barabara au ni shamba lako."

Nililala nayo ile. Kama unataka kujua mwisho wa nguvu zako ni wapi, hilo ni shamba lako, na mwenzi atakupalilia bure, hutajua kamwe. Kama unataka kufika mahali ambapo peke yako hufiki, hiyo ni barabara, ita watu. Kumchukua mtu awe mlinzi, wakati yeye mwenyewe hana lengo na safari, si moja wala si lingine. Huyo ni mzigo unaopumua. Na yeye anakuona wewe vivyo hivyo.

NENO MOJA TU

Jumatatu tulitoka tena wawili, Mamba kwenda Mwembe na kurudi. Safari hii nilitangulia mimi kwenye milima, na mizigo yote ya pamoja ilikuwa mgongoni kwake. Tulikwenda vizuri. Wakati wa kurudi, jua limeshaegemea, nikasikia kwa nyuma sauti ndogo: "Dada, ngoja. Nimechoka."

Nilisimama. Alikuwa amebanwa na misuli ya paja na alishaivumilia kwa muda. Tukakaa kando ya barabara, tukala kashata, nikamnyoosha mguu, tukatazama lori likishuka. Hatukuzungumza mambo makubwa. Baada ya robo saa tukapanda tena, taratibu, tukafika giza likiingia.

Pale ndipo nilipopata jibu langu. Binamu wa siku ya kwanza, yule mgambo wa juu ya jiwe, nisingekwenda naye hata Chalinze. Huyu aliyesema amechoka naweza kwenda naye Kigali. Maana usiku wa tatu wa mbio, saa tisa za usiku, mvua inanyesha, neno hilo ndilo litakalotuokoa. Mtu asiyeweza kulisema mbele yako atalificha mpaka aanguke, na wewe utaanguka naye.

Kwa hiyo nimeamua. Tunaingia wawili, na mama nimeshamwambia kwamba sikumchukua mlinzi. Tumekubaliana mambo matano tukayaandika kwenye daftari. Lengo ni kumaliza, si kushinda. Mlimani natangulia mimi, kwenye upepo tunapokezana. Hela ya njiani inakaa mfuko mmoja. Kulala si chini ya saa tatu kila usiku, hata mmoja wetu ajione simba. Na la tano, gumu kuliko yote: mmoja akiumia, mwingine haondoki mpaka mgonjwa awe mikononi mwa watu salama. Baada ya hapo, kanuni zikiruhusu, mzima anaendelea na hakuna kununiana.

Mwakani, Mungu akipenda, ninalo shamba langu pia. Nitajitosa peke yangu kwenye mbio fupi zaidi, na simu yangu ya kulia kila nusu saa.

Wewe je, msomaji? Kama unaanza, tafuta watu watatu mfanye zamu. Kama una hamu ya kujijua, nenda peke yako, ila watu wajue uko wapi na saa ngapi utageuza. Na kama kuna mtu anayekuita muingie wawili, usimuulize anapanda mlima kwa dakika ngapi. Mpeleke mahali pagumu, mchoke wote, halafu sikiliza kama atasema.